Shajara ya kinanda kinachoteleza: neoprini, uzi wa kofia na noti ya mi isiyokaa mahali pamoja

11 Januari

Naandika tangu leo kwa sababu kazi hii nimeshaianza mara mbili, na mara zote mbili nilipoirudia sikukumbuka nilikuwa nimefika wapi.

Ninachotaka ni uso wa kugusa wa oktavu mbili, ukae juu ya kinanda cha kawaida, mpiga kinanda wa taarab aweze kuvuta sauti kama mpiga fidla anavyovuta. Mimi ni mpiga kinanda, Unguja. Vikundi vya siku hizi havina tena safu ya fidla na ganuni (ala ya nyuzi nyingi) na nai (filimbi). Vina kinanda kimoja au viwili, na anayekaa hapo anatakiwa awe fidla, awe nai, awe na akodiani. Sauti zenyewe zimo ndani ya mashine, tena nzuri. Tatizo ni kwamba kibao ukishakibonyeza, umemaliza. Gurudumu la kupindisha sauti liko mkono wa kushoto, na likipinda linapinda na noti zote ulizozishika. Ukitaka moja ipande na mwenzake abaki chini, huwezi.

Vinanda vya soko la Kiarabu, hivi tunavyoletewa na jamaa wa Dubai na Maskati, vina vitufe vya kushusha noti yoyote kwa senti 50, yaani robo toni (nusu toni moja ni senti 100). Vimetuokoa sana. Lakini hiyo noti ya mi iliyoshushwa inakaa pale pale kama msumari ukutani, na Babu yangu wa fidla kila akiisikia anakunja uso.

18 Januari

Jioni tatu za kusoma. Kilio changu ni cha zamani.

Mwaka 1928 Mfaransa Maurice Martenot alitoa hadharani chombo kinachoitwa Ondes Martenot. Kilipokomaa kwenye matoleo yaliyofuata kilikuwa na vibao kama vya piano, ila vibao vinacheza kidogo kushoto na kulia, kwa hiyo kidole kikitikisika na sauti inatikisika. Mbele ya vibao umepita uzi wenye pete: unaivaa kidoleni, unasogeza mkono, sauti inateleza bila ngazi. Mkono wa kushoto hauchezi noti, kazi yake kubwa ni kitufe cha nguvu ya sauti. Nilipoona picha ya kile kitufe nilicheka peke yangu. Ule ni upinde wa fidla! Mtu ameuweka ndani ya droo.

Kisha Hugh Le Caine wa Kanada, kati ya 1945 na 1948, akaunda Electronic Sackbut, ambayo vibao vyake vinasikia uzito wa kidole na kusukumwa upande. Leo wako wengi. Continuum ya Lippold Haken wa Illinois haina vibao kabisa, ni uso laini wa neoprini, na chini yake kuna vyuma vidogo vilivyobebwa na springi, na sumaku za kupima vimedidimia kiasi gani. Seaboard ya Roland Lamb, London, ilitoka 2013: vibao vya piano vilivyoyeyuka vikawa mawimbi ya silikoni. LinnStrument ya Roger Linn, 2014, ina vitufe 200 katika safu 8, na Linn ni yule yule aliyetoa mashine ya ngoma ya LM-1 mwaka 1980. Osmose ya Wafaransa wa Expressive E imerudi kwa Martenot: vibao halisi vinavyotikisika upande. Na Andrew McPherson, akiwa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alibuni vihisi vya kubandika juu ya vibao vya kinanda ulichonacho tayari.

Bei za hivi vikubwa zinahesabiwa kwa mamia na maelfu ya dola. Kwangu neno hilo limekwisha. Lakini programu ya LinnStrument iko wazi, mtu yeyote anaweza kuisoma, na nimeipakua.

25 Januari

Leo sikushika waya hata mmoja. Nimeshika rula.

Oktavu moja ya kinanda changu ni milimita 165. Ndani yake mna vibao vyeupe saba, kila kimoja kama milimita 23.5. Sasa tazama: kutoka do kwenda re ni kibao kimoja cheupe hadi kingine, milimita 23.5, toni nzima. Kutoka mi kwenda fa ni kibao kimoja hadi kingine vilevile, milimita 23.5, lakini ni nusu toni. Kwa mtu anayebonyeza haina maana. Kwa mtu anayeteleza ni balaa: kidole kinakwenda mwendo ule ule, halafu sauti inakwenda mbio mahali pamoja na kujikokota mahali pengine. Mtikisiko mzuri juu ya re unakuwa mtikisiko mdogo juu ya mi.

Kwenye Seaboard wameweka njia tambarare mbele na nyuma ya mawimbi, anayetaka kuteleza mbali atelezee huko. Continuum imegawa sawasawa. Na mimi nitagawa sawasawa: 165 kwa 12, milimita 13.75 kila nusu toni. Hasara yake ni kwamba mpiga kinanda akiuangalia haoni kinanda. Lakini nimefungua kinanda kibovu pale kwa fundi Darajani nikagundua kitu cha kunituliza: nyuma kabisa, pale vyeusi na vyeupe vinapopita bega kwa bega, vibao vyote kumi na viwili vinakaribia upana mmoja, kama milimita 14. Kwa hiyo nafasi hii mikono yetu inaijua, ila inaijua kwa nyuma.

2 Februari

Nimepata ngozi ya chombo. Mpwa wangu anafanya kazi na wazamiaji Nungwi, na suti za kuzamia zikichanika magotini hutupwa. Ameniletea moja nyeusi, neoprini ya milimita 3, mgongo mzima bado mzima. Nimeifua mara nne na bado inanuka bahari.

Muundo: chini, safu 4 za ukanda wa shaba zilizolala kwa urefu. Juu yake karatasi ya Velostat, ile plastiki nyeusi yenye kaboni ambayo ukizidi kuikandamiza inazidi kupitisha umeme. Juu yake tena mistari 48 ya shaba iliyosimama, miwili kwa kila nusu toni. Makutano 192. Halafu neoprini. Ubongo ni Teensy 4.1, kompyuta ndogo ya kadi, kwa kuwa una mbio na kompyuta inautambua kama chombo cha muziki moja kwa moja kwa waya wa USB.

Mistari ni mipana kuliko usahihi ninaoutaka, lakini kidole hakikanyagi mstari mmoja. Kinakanyaga miwili au mitatu, kila mmoja kwa uzito wake, na ukitafuta kitovu cha uzito huo unapata mahali pa kidole kwa sehemu ndogo ya milimita.

9 Februari

Zimwi.

Kidole kimoja, safi. Viwili, safi. Vitatu, na vikikaa kama pembe tatu za mstatili, pembe ya nne inalia yenyewe bila mtu kuigusa. Umeme unazunguka: unashuka kidole cha kwanza, unapita safu, unapanda cha pili, unashuka cha tatu, unatokea mahali pasipo na mtu. Kosa ni langu. Nilitumia vichaguzi vya aina ya 4067, na mstari usiochaguliwa unaachwa ukining'inia, hauna pa kwenda, basi unapitisha chochote.

Nimevitoa vyote vitatu nikaweka vipande sita vya 74HC595 vilivyofungwa mnyororo, kila kimoja kina njia nane. Sita mara nane ni 48. Sasa mstari mmoja unapewa volti 3.3 na 47 iliyobaki imefungwa ardhini kwa lazima. Zimwi limeondoka.

Limeacha mtoto. Vidole viwili vikiwa safu moja vinaibiana nguvu, kwa sababu kile cha pili kinavujisha umeme wa cha kwanza kwenda ardhini. Nimepunguza rizista ya kila safu kutoka kilo-omu 10 hadi 1, wizi ukapungua sana. Lakini usomaji nao umekuwa mdogo mno, itabidi ukuzwe.

13 Februari

Fundi alinipa LM324, vikuzaji vinne ndani ya kipande kimoja, safu nne, nikasema Mungu kaniletea. Nikalehemu usiku. Kila nikibonyeza kwa nguvu, usomaji unafika volti 1.8 hivi na kugoma. Nimekesha nikitafuta kosa kwenye programu. Halikuwa kwenye programu. LM324 haiwezi kupandisha tokeo lake karibu na volti inayolishwa, inabakisha kama volti moja na nusu, na mimi ninailisha 3.3. Nimeagiza MCP6004, hiyo inafika karibu na mwisho. Kwa vyombo vya zamani vya volti 12 hasara hiyo huioni kabisa, ndiyo maana fundi hakuwa na kosa.

22 Februari

Sauti ya kwanza! Halafu kicheko, halafu sauti ya pili.

Kila kidole kinatakiwa kiwe na mpindo wake peke yake. MIDI, lugha ambayo ala za umeme huelewana kwayo tangu 1983, haikupangwa hivyo: mpindo ni wa chaneli nzima. Njia iliyokubaliwa rasmi 2018, MPE, ni ya kijanja na rahisi: kila noti ipewe chaneli yake. Chaneli ya 1 inabaki ya mambo ya jumla, 2 hadi 16 ni za vidole, kwa hiyo noti 15 kwa pamoja. Mimi sina vidole 15. Kwenda kushoto na kulia ni mpindo, kwenda mbele na nyuma ni kidhibiti namba 74, na uzito wa kidole ni mgandamizo wa chaneli.

Kicheko kilitokana na masafa ya mpindo. Kwa kawaida MPE inahesabu mpindo mzima kuwa nusu toni 48 juu na 48 chini. Mimi nilikuwa ninatuma kwa hesabu ya zamani ya 2. Nikagusa, nikateleza nusu toni moja, na fidla ikapanda oktavu mbili kamili. Paka alikimbia. Nimesawazisha pande zote mbili ziwe 48. Hatua za mpindo ni 16,384, senti 9,600 ukizigawa humo unapata kama senti 0.6 kwa hatua. Sikio langu halifiki huko, na la Babu nadhani pia, ingawa sitamwambia.

Sauti yenyewe natumia Surge XT, programu ya kutengeneza sauti, kwenye kompyuta mpakato, ni bure na inaelewa MPE.

Nilijaribu pia kutuma kwa waya wa zamani wa pini tano, ili chombo kiingie moja kwa moja kwenye kinanda cha kikundi. Hesabu inakataa. Waya ule unapitisha biti 31,250 kwa sekunde, herufi moja ya ujumbe ni maikrosekunde 320. Kidole kimoja kinahitaji herufi 8 kila kikijieleza, vidole vitano vinakula karibu milisekunde 13. Uso wangu unasomwa kila milisekunde 2. Basi USB.

1 Machi

Ramadhani. Mazoezi ya kikundi yamesimama, ala zote zimefunikwa. Spika sifungui. Nitafanya kazi ya programu tu, kwa vipokea sauti, baada ya tarawehe.

14 Machi

Wiki mbili zote nimekuwa kwenye jambo moja: kidole kinapotua.

Uso ulio sawasawa hauna huruma. Ukitua milimita 2 pembeni ya do, umepiga senti 15 pembeni ya do, na kila mtu ukumbini anajua. Mpiga fidla ametumia miaka kujifunza kutua. Mpiga kinanda hajawahi, kwa sababu kibao kilimsamehe siku zote. Kwa hiyo chombo nacho lazima kisamehe. Kwenye programu ya LinnStrument nimeona walivyofanya: kidole kikitua, noti inasogezwa hadi katikati, kisha kidole kikianza kwenda, sauti inakifuata. Nimefanya hivyo. Imekuwa chombo kingine.

Ila kuna siri ndogo iliyonikosesha usingizi. Kidole hakitui mara moja. Kinagusa kwa ncha, halafu nyama inatanuka, na kitovu cha uzito kinahama milimita moja au zaidi huku mwenyewe ukidhani umetulia. Programu inadhani unateleza. Kila noti ikawa inaanza na kamkwaruzo, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema. Nikasubiri kwanza kidole kitulie ndipo nitoe sauti: mkwaruzo ukaisha, chombo kikawa kizito, kinachelewa nyuma ya ngoma ya dumbak. Dawa niliyoipata usiku wa jana ni kutenganisha mambo mawili. Sauti inatoka papo hapo, uzito unasikika papo hapo, lakini mahali panafungwa kwa milisekunde 30 za mwanzo. Sikio halimlaumu mtu kwa kutoteleza ndani ya muda huo.

29 Machi

Velostat ina tabia ya mtu mwenye kinyongo: ukiikandamiza muda mrefu na kuiachia, hairudi upesi. Noti ndefu zilikuwa zinabaki zikilia kidogo baada ya kidole kuondoka. Sasa kizingiti cha kuanza noti kiko juu na cha kuimaliza kiko chini yake, na usomaji wa uso mtupu unajirekebisha polepole wenyewe. Yatosha.

6 Aprili

Baada ya Idd nimekipeleka kwa Babu.

Kabla ya hapo dada yangu, ambaye anadarizi kofia, alinishonea alama juu ya neoprini kwa uzi wa kofia: mshono ulioinuka kidogo katikati ya kila noti, na ule wa noti nyeusi umeshonwa mara mbili ili kidole kiujue gizani. Nilikuwa nimejaribu gundi ikabanduka, nikajaribu kuchoma kwa pasi ikatoboka. Mshono wake haujakatika hata mmoja.

“Shikamoo Babu.”

“Marahaba mwanangu. Ndicho hicho? Mbona kama mkeka wa kuswalia mtoto?”

Nilimpigia rast, moja ya maqamu (ngazi za noti za Kiarabu), kutoka do. Noti ya mi nimeiweka senti 50 chini, na noti ya si vilevile, kila kidole kikitua kinavutwa hapo. Akasikiliza akiwa amefumba macho. Nikateleza, nikatikisa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikafikiri tumemaliza.

“Kinavuta vizuri. Lakini mi yako ni ile ile ya kinanda.”

Akachukua fidla akanionyesha. Akipanda kuelekea fa, mi yake inakaa juu ya pale nilipoiweka. Akishuka kurudi do, inakaa chini. Nilimwomba arudie mara kumi huku kompyuta ikipima, na hakupiga mara mbili mahali pamoja, lakini kila mara nilisikia kwamba ndipo. Noti ya si pia hivyo hivyo. Do, re, fa, sol, la: hizo hazikucheza, au zilicheza kwa kiasi cha kusameheka. Huko Cairo mwaka 1932 wakubwa wa muziki wa Kiarabu walikutana na wakabishana juu ya kugawa oktavu vipande 24 vilivyo sawa. Kwa Babu ubishi huo unaisha kwa kuinua upinde.

Nimerudi nyumbani na daladala, chombo magotini, nimekasirika kidogo.

9 Aprili

Mawazo ya kwanza yalikuwa kuandika majedwali mawili, mi ya kupanda na mi ya kushuka, programu ikisie unaelekea wapi. Nimeandika. Ni upuuzi. Programu inajua unakoelekea baada ya wewe kufika.

Wazo la pili limenijia nikiwa ninachota maji. Kwa nini kila noti isamehewe? Noti tano zisamehewe. Mi na si ziachwe wazi. Kidole kikitua kwenye do, re, fa, sol au la, kivutwe katikati. Kikitua eneo la mi au si, kiachwe pale pale kilipoangukia, hata kama ni kosa, kosa liwe la mpigaji. Mistari mitano ya programu, ukiacha ile niliyoifuta, ambayo ni mia mbili na kitu.

Dada ametoa uzi kwenye mi na si zote. Pale sasa ni patupu, laini, na kidole kikipita kinajua kimeingia mahali pasipo na reli. Maqamu nyingine zitahitaji maeneo mengine wazi, kwa hiyo nimeweka vitufe viwili vya kuchagua: rast na bayati. Maqamu ya hijaz tunaifunga yote.

20 Aprili

Masika. Safu ya tatu imeanza kusoma chini ya nyingine. Nimefungua: ukanda wa shaba umeota ukijani pale jasho na unyevu vilipoingia kwenye tundu za sindano. Kumbe kila mshono wa dada ni mlango wa maji! Nimebadilisha ukanda na kupaka vanishi kwenye kingo, na chini ya neoprini nimetandika plastiki nyembamba ya kufunikia vyakula.

4 Mei

Mazoezi ya kwanza na kikundi. Nilicheza nyimbo mbili tu, sehemu za fidla, mkono wa kulia kwenye uso na wa kushoto kwenye kinanda. Wimbo wa kwanza nilikosea mi mara tatu hadharani, na mpiga rika (tari dogo) alinitazama kwa namna ambayo sikuwahi kutazamwa nikiwa kwenye vibao. Wimbo wa pili ilikaa mara mbili. Mwimbaji aligeuka kuangalia nani amepiga fidla.

Babu alikuwepo, amekaa nyuma. Baadaye aliniuliza swali moja, kama uzi unaweza kutolewa na kwenye la, kwa kuwa kuna nyimbo mbili za zamani anazozijua ambazo la nayo hutembea. Nimemwambia nitamuuliza dada.

Kesho nabadilisha tena ukanda wa safu ya tatu. Umeanza ukijani upya, vanishi haikutosha.